Msamaha Una Mwenyewe

Katika toleo lililopita nilijibu swali la mirathi, na katikati ya jibu nikaandika, kwa kupita tu, kwamba deni la damu halifutwi na mtu asiye mwenyewe. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko mirathi yenyewe. Nimechagua nne, zote za watu wa Mombasa, kwa kuwa zinazunguka jambo moja: nchi iliyopitia vita vya wenyewe kwa wenyewe, machafuko au utawala wa mabavu huwalipaje watu wake waliodhulumiwa. Wanasheria huliita jambo hilo haki ya mpito. Majina ya walioandika nimeyahifadhi kwa ombi lao.

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Nilizaliwa Likoni, ingawa wazazi wangu walitoka bara. Mwezi wa Agosti 1997 nilikuwa na umri wa miaka tisa. Duka la baba lilichomwa moto, nasi tukalala majuma kadhaa katika uwanja wa kanisa Katoliki pamoja na majirani wengine. Kilichookoka ni daftari la madeni tu, ambalo mama alilifunga ndani ya leso akakimbia nalo. Mmoja kati ya vijana waliokuja usiku ule ninamjua. Sasa ana mvi, tunakutana kivukoni mara kwa mara, naye hunitolea salamu. Jina lake limo katika daftari lile: sukari kilo mbili na mafuta ya taa. Kila kunapoitishwa mkutano wa amani tunaambiwa kwamba yaliyopita si ndwele. Mimi siwezi kusema nimesamehe. Je, moyo wangu ndio mbaya? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Ndugu yangu, moyo wako hauna ubaya. Methali unayosomewa ni ya kweli kwa jambo lililopita, na la kwako halijapita, kwa sababu hakuna aliyewahi kukuuliza lilivyokuwa. Tena wanaoisoma husahau kwamba inaendelea kwa kusema tugange yajayo, nami sijamwona mganga, wa hospitali wala wa mizizi, anayeanza kuganga kabla hajauliza maumivu yalianza lini na yalianzia wapi.

Kwa wasomaji ambao hawakuwapo au walikuwa wadogo: usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, washambuliaji ambao baadaye walijulikana kama watu wa Kaya Bombo, kwa jina la msitu waliokuwa wakikutania, walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kidogo cha kivukoni, wakawaua askari sita, wakachukua bunduki, kisha wakageukia nyumba na maduka ya watu wa bara. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya mia moja waliuawa na maelfu wakahama. Uchaguzi mkuu ulikuwa miezi michache tu mbele. Mwaka 1998 Rais Moi aliunda tume chini ya Jaji Akiwumi ichunguze mapigano ya kikabila yaliyoikumba nchi tangu 1991. Tume ilimaliza kazi mwaka uliofuata, lakini ripoti yake ikawekwa kabatini hadi Oktoba 2002, wakati Moi alipokuwa akijiandaa kuondoka Ikulu. Kesi nyingi za washukiwa wa Likoni zilianguka mahakamani.

Nitakuomba univumilie kwa jambo moja ambalo huenda lisikupendeze. Vijana wale walichochewa na wanasiasa waliohitaji kura zihame, lakini uchochezi ule ulipata kuni kavu: familia za pwani ambazo, tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, zilijikuta zikiitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Na baada ya mashambulizi, msako wa vyombo vya usalama uliwakumba vijana wengi wa Kidigo, wenyeji wa pwani hiyo, wasiohusika, wakapigwa na kuteswa. Ukikaa na mzee yule wa kivukoni, yumkini naye ana la kusimulia. Kusikia lake hakupunguzi hata chembe ya lako. Ninalitaja kwa sababu ukweli unaochaguliwa upande mmoja haudumu, na huko mbele huwa ndio mbegu ya Agosti nyingine.

Sasa nije kwenye msamaha. Majirani zako Waislamu wanaijua kanuni ya kisasi katika sheria yao: mtu akiuawa, warithi wake ndio wenye hiari ya kutaka kisasi, kupokea dia, yaani fidia ya damu, au kusamehe. Kadhi anaweza kuwashawishi wasamehe na kuwakumbusha thawabu zake, lakini hawezi kusamehe kwa niaba yao, wala mtawala hawezi. Serikali za kisasa zina msamaha wa aina yao, ambao ni wa kisheria: dola inaacha haki yake yenyewe ya kumshtaki mtu. Dola ina uwezo huo. Kinachonikera ni pale inapoacha haki yake kisha ikatangaza kwamba na wewe pia umeacha yako, ukiwa hata hukualikwa kikaoni.

Kwa hiyo mwitikie salamu yule bwana ukitaka, kwa maana kuitikia salamu si kutia sahihi. Daftari lile litunze. Nitalirudia mwishoni.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, naishi Kisauni. Katika somo la historia tuliambiwa kwamba baada ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini iliwasamehe wote, na baada ya mauaji ya kimbari Rwanda iliwafunga wote. Je, ni kweli? Na njia ipi ni bora? (Mwanafunzi, Kisauni)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli kwa Afrika Kusini, wala kwa Rwanda, na mwalimu wako asikasirike nikisema hivyo, kwa kuwa kosa hili limeenea hata miongoni mwa waheshimiwa wabunge.

Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 1995 ya kuunda Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu, na vikao vya kwanza vya waathiriwa vikafunguliwa Aprili 1996 katika mji wa East London. Msamaha haukumwagwa kama mchele wa arusi. Kila mhusika alitakiwa kuomba kwa jina lake, athibitishe kwamba kitendo chake kilikuwa cha kisiasa, kisha aeleze kila alichokifanya pasipo kubakiza. Maombi yalikuwa 7,112. Yaliyokubaliwa ni 849, na yaliyokataliwa ni 5,392. Maofisa wa polisi walioomba msamaha kuhusu kifo cha Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi na aliyefia kizuizini Septemba 1977, ni miongoni mwa waliokataliwa.

Hapo ndipo mpango ulipovuja. Mapatano yalikuwa kwamba anayesema kweli atasamehewa, na anayenyamaza au kudanganya atapelekwa mahakamani. Nusu ya kwanza ilitekelezwa, ya pili ikaachwa ilale. Wale waliokataliwa katika jambo la Biko hawakushtakiwa kwa kifo hicho. Waathiriwa nao, ambao tume ilipendekeza walipwe kwa miaka kadhaa, walipewa randi 30,000 kwa mkupuo mmoja, baada ya kungoja miaka. Kuna kisa cha mwalimu Ahmed Timol, naye mpinzani wa ubaguzi wa rangi, aliyekufa mwaka 1971 kwa kuanguka kutoka ghorofa ya kumi ya makao ya polisi mjini Johannesburg. Polisi walisema alijirusha, na uchunguzi wa mahakama wa mwaka 1972 ukakubali maneno yao. Familia yake haikukubali. Mwaka 2017, miaka 46 baada ya kifo, jaji aliyelifungua upya jambo hilo aliamua kwamba alisukumwa. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki.

Rwanda ilikuwa na shida ya namna nyingine. Baada ya mauaji ya Aprili hadi Julai 1994, magereza yalijaa washukiwa zaidi ya laki moja, na mahakimu na mawakili wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia nchi. Kwa mwendo wa mahakama za kawaida, washukiwa wengi wangezeekea humo bila kusikilizwa. Ndipo serikali ikafufua gacaca, baraza la wazee lililopewa jina la majani ambayo watu walikalia, ikalipa meno ya kisheria. Mahakama hizo zilianza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005, zikafungwa Juni 2012. Zilikuwa takriban 12,000, na zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Waamuzi walikuwa majirani waliochaguliwa kwa uadilifu wao, wengi wao wakulima. Aliyekiri mapema na kuonyesha miili ilikotupwa alipunguziwa adhabu, na sehemu yake akaitumikia kwa kazi za jamii.

Kulikuwa na kasoro, na si ndogo. Mshtakiwa hakuwa na wakili. Wapo waliosingizia jirani kwa ajili ya shamba. Na mauaji yaliyofanywa na askari wa upande ulioshinda hayakuruhusiwa kufikishwa mbele ya baraza hizo. Lakini fikiria mjane ambaye kwa miaka kumi hajui mume wake amelala shimo gani, kisha asubuhi moja, mbele ya kijiji kizima, mtu asimame aseme ni pale, chini ya mparachichi. Mimi sina ujasiri wa kumwambia mjane huyo kwamba baraza lile lilikuwa na kasoro za utaratibu.

Wakubwa waliopanga mauaji walipelekwa kwingine, tena karibu na kwetu. Umoja wa Mataifa uliunda mahakama maalumu mwishoni mwa mwaka 1994, ikakaa Arusha hadi mwisho wa 2015, ikashtaki watu 93. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza pia kuamua kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Sehemu hii ya pili haikuwamo katika mashtaka ya mwanzo. Iliingia kwa sababu wanawake mashahidi, waliokuja kueleza mambo mengine, waliyasema yaliyowapata.

Umeuliza njia ipi ni bora. Mimi hupima kwa swali moja: mkosaji ametakiwa kutoa nini kabla ya kupokea nafuu? Afrika Kusini ilimtaka atoe maneno, hadharani. Rwanda ilimtaka atoe maneno, kaburi na jasho. Ikiwa nchi haikumtaka atoe chochote, basi hata kama hakuna mtu aliyefungwa na watu wote wanaimba amani, kilichofanyika hakistahili kuitwa maridhiano. Ukiulizwa katika mtihani, andika takwimu kwanza, maoni yangu baadaye.

SWALI: Mwanangu Mhariri, mimi ni mtu mzima wa Mji wa Kale, asili yangu Pemba. Mwaka 2001 ndugu zetu walipokimbia walifika Shimoni kwa mashua, na mpwa wangu nikamchukua nikakaa naye hapa Mombasa mpaka akarejea kwao. Mumewe alipigwa risasi katika maandamano. Siku hizi wakubwa wa vyama wamekaa serikali moja, wanacheka pamoja. Mpwa wangu aniuliza: wao walipopatana wao, mimi nimepatana na nani? Sikuwa na jibu. (Mama, Mji wa Kale)

JIBU: Shikamoo mama. Swali la mpwa wako ni zito kuliko vitabu vingi nilivyosoma.

Tarehe 26 na 27 Januari 2001 vyombo vya usalama viliwafyatulia risasi waandamanaji wa chama cha upinzani cha CUF, hasa Pemba. Watu zaidi ya thelathini walikufa, na zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kuja Shimoni, wakawa wakimbizi wa kwanza kutoka Tanzania, nchi iliyozoea kuwapokea wakimbizi wa wengine. Oktoba mwaka huohuo chama tawala cha CCM na CUF walitia sahihi muafaka, na tume ikaundwa ichunguze vifo vile. Baadaye yakaja maridhiano, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambayo asilimia 66 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa.

Sidharau hata kidogo hatua hiyo. Uchaguzi wa 2010 ulipita kwa utulivu ambao Zanzibar ilikuwa haijauona tangu vyama vingi virejee, na mtoto ambaye hakupigwa risasi mwaka ule hawezi kutuandikia barua kutushukuru. Lakini muafaka ni mkataba wa vyama kuhusu madaraka: nani awe makamu, tume ya uchaguzi iwe na nani. Mjane si chama. Hana kiti cha kugawana. Wakubwa walipopatana walimaliza ugomvi wao, nao ugomvi huo ulikuwa wa kweli na ulihitaji kumalizwa. Deni la mpwa wako ni jingine, na mdaiwa wake ni dola iliyotoa amri au iliyoshindwa kuizuia. Mwambie hajapatana na mtu bado, na kwamba kusema hivyo hakumfanyi kuwa adui wa amani.

SWALI: Kwa Mhariri. Ripoti ya tume yetu ya ukweli iko wapi? Na ikiwa Bunge limeikalia, je, kuna mlango mwingine, au tuseme basi? (Msomaji, Changamwe)

JIBU: Ripoti ipo na inasomeka. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi zilizoua watu zaidi ya 1,100, ikapewa jukumu la kuchunguza dhuluma zote tangu 12 Desemba 1963 hadi 28 Februari 2008. Ilianza kwa kujikwaa, kwa kuwa mwenyekiti wake, Balozi Bethuel Kiplagat, alitajwa kuhusiana na kikao kilichotangulia mauaji ya raia yaliyofanywa na vyombo vya usalama huko Wagalla, Wajir, Februari 1984. Hata hivyo ilikusanya taarifa za watu zaidi ya 40,000, na vikao vyake vilifika pwani yetu. Tarehe 21 Mei 2013 ilimkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yake. Makamishna watatu wa kigeni walikataa kuiafiki sura ya ardhi, wakieleza kwamba aya fulani zilibadilishwa kwa shinikizo kutoka juu, na aya hizo zilihusu ardhi ya pwani. Msomaji wa Likoni ataelewa kwa nini nalitaja hili.

Sheria ilibadilishwa mwaka huohuo ili utekelezaji upitie Bungeni kwanza, na Bunge halijaipitisha ripoti hiyo hadi leo. Machi 2015 Rais aliomba radhi mbele ya Bunge kwa niaba ya serikali zote zilizotangulia, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni kumi kwa miaka mitatu. Radhi tuliisikia. Fedha waathiriwa wanaendelea kuzingoja. Kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague nazo ziliisha Desemba 2014 na Aprili 2016 bila mtu kutiwa hatiani kwa ghasia zile.

Mlango mwingine ni mahakama zetu wenyewe, nao uko wazi kuliko watu wanavyodhani. Tangu mwaka 2010 Mahakama Kuu imewapa fidia watu walioteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali mjini Nairobi. Desemba 2020 iliamua kwamba serikali ilishindwa kuwalinda na kuchunguza madai ya watu waliobakwa katika ghasia za 2007 na 2008, ikaamuru wanne kati yao walipwe shilingi milioni nne kila mmoja. Wazee wa Mau Mau, waliopigana na wakoloni na kuteswa katika kambi zao, walikwenda London na Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, zaidi ya miaka hamsini baada ya kambi zile.

Ukiona miaka hiyo ni mingi, wapo waliongoja vivyo hivyo kwingine. Hissène Habré, aliyekuwa rais wa Chad, aliikimbia nchi yake mwaka 1990, akaishi Dakar kwa raha, na waliookoka magereza yake wakazunguka mahakama za Senegal na Ubelgiji hadi tarehe 30 Mei 2016 alipohukumiwa kifungo cha maisha. Argentina iliwahukumu majenerali wa utawala wa kijeshi mwaka 1985, ikatunga sheria za kuwakinga wengine mwaka 1986 na 1987, rais akawatoa waliofungwa, kisha mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikazifuta kinga hizo na kesi zikaanza upya. Katika muda wote huo akina mama wa waliotoweka walikuwa wakitembea kila Alhamisi katika uwanja ulio mbele ya ikulu.

Katika kesi zote hizi hakimu aliuliza karatasi. Waathiriwa wa Habré walisaidiwa sana na majalada ya polisi wake wa siri, yaliyokutwa yametupwa katika jengo mjini N'Djamena mwaka 2001. Timol alisaidiwa na familia iliyoweka kila kitu. Kwa hiyo, ndugu wa Changamwe, na wewe wa Likoni: andikeni mlichokiona kwa mkono wenu, tarehe na mahali, majina ya waliokuwapo, na mtie sahihi mbele ya kamishna wa viapo. Tafuteni namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi wakati ule, kama iliandikishwa, pamoja na kadi za hospitali na risiti. Daftari la madeni ni ushahidi kwamba duka lilikuwapo, lilikuwa na bidhaa, na lilikuwa na wateja wa kila kabila, akiwemo yule wa sukari na mafuta ya taa. Lipigwe picha kila ukurasa, nakala moja ibaki kwa wakili na nyingine kwa ndugu anayeishi mbali, na lile lenyewe litolewe kwenye leso liwekwe mahali pasipofika chumvi ya bahari.